Damu Isiyoingia Sumu

Goweko, 12 Machi 2023

Levina, mtoto wa shangazi,

Tumsifu Yesu Kristo, na ukimaliza kuitikia kaa chini, maana leo nina maneno. Sisi huku wazima. Mke wangu Veneranda anakusalimu, anauliza kama mawese yameisha huko Ujiji au ni wewe umeanza ubahili. Tumbaku iko kwenye bani la kukaushia, na mimi nanuka moshi mpaka mbwa wangu mwenyewe alinibwekea juzi.

Usishangae kuona karatasi. Simu yangu iliingia kwenye ndoo ya maji, na tangu hapo haisikiki ukiiweka sikioni. Inaongea kwa sauti ya nje tu, tena kubwa. Ukinipigia kunijulia hali, wanaitikia majirani. Kwa hiyo barua hii nampa Kasimiri, yule anayepeleka mchele Kigoma kwa treni. Inafuata njia waliyopita babu zetu na mizigo kichwani, ila yenyewe inasafiri imekaa.

Sasa sikia. Mke wa jirani yangu Lugembe alilazwa Tabora mjini, ikatakiwa watu wachangie damu. Wanaume wote pale kilabuni wakaanza kutazama viatu vyao. Nikasimama mimi. Manju wa ngoma ya nyoka, niliyechanjwa dawa hata swila akiniona anatafuta njia nyingine, nitashindwaje kutoa damu? Nilimwambia muuguzi aandike kwenye ule mfuko kwamba hii si damu ya kawaida, haiingii sumu, atakayewekewa asiogope tena kupita majanini. Aliniambia nikunje ngumi.

Wiki iliyopita wamenipigia kutoka benki ya damu. Wanasema nirudi mwenyewe, wana mazungumzo na mimi. Bani zima limesikia. Lugembe anasema lazima wanataka nyingine, na mimi naona vilevile. Nitakwenda kazi ya kukausha ikipungua.

Ni mimi binamu yako mwenye damu ya kutafutwa,
Raymundi

*

Ujiji, 2 Aprili 2023

Binamu Raymundi,

Milele na milele, amina. Barua yako imeingia nyumbani na moshi wake, mume wangu Emilian akadhani cherehani yangu inaungua. Tangu astaafu reli hana kazi nyingine zaidi ya kunusa nyumba na kubishana na redio. Binti yetu Theodora ameajiriwa uuguzi hapa Kigoma. Siku hizi nikitaka kumkumbatia ananiuliza kwanza kama nimenawa. Mawese nimempa Kasimiri. Yakifika pungufu muulize yeye, si mimi.

Kuhusu ushujaa wako, usinichekeshe nikiwa na pini mdomoni. Umesahau mwaka themanini na nne, nilipokuja likizo kutoka Puge, siku Mzee Luhende alipotuchanja chale nyuma ya ghala la tumbaku? Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, nimeingia kwenye mstari kwa wivu tu, kwa nini wavulana wapate dawa ya nyoka na mimi nikachote maji. Na wewe, jitu zima la miaka kumi na saba, ulipoona wembe unakaribia ulinisukuma mbele yako ukisema wageni watangulie. Ulipomaliza kwangu, wembe uleule ukaja kwako. Wewe ukafumba macho, ukamwita mama yako. Manju gani huyo?

Lakini nenda, Raymundi. Theodora anasema watu wa benki ya damu hawapigi simu kumsifu mtu. Wakisema rudi, unarudi. Tumbaku haitaondoka na miguu.

Wako,
Levina

*

Goweko, 30 Aprili 2023

Levina,

Salamu utazipanga mwenyewe, leo sina mpangilio. Watoto wazima. Mawese yalifika.

Nilikwenda. Nilivaa koti langu la harusi ya Benjamini, mchezaji mwenzangu, na nikabeba ile kofia ya manyoya ninayochezea ngoma, kwa sababu nilifikiri wanaweza kutaka picha. Usicheke bado. Muuguzi alinipeleka chumba cha pembeni, akafunga mlango, akavuta kiti karibu na changu. Hapo nikajua picha haipo. Nikaificha kofia chini ya meza.

Damu yangu waliitupa. Damu ya manju, Levina, waliitupa. Kila damu inayochangwa wanaipima kwanza, na yangu imeonyesha dalili za virusi vya homa ya ini, aina ya C. Nikamwambia mimi sina homa hata kidogo, anishike shingo. Akasema ugonjwa huu hukaa mwilini miaka na miaka bila kujitambulisha, huku unalila ini polepole. Akauliza kama niliwahi kuongezewa damu zamani, au kuchomwa sindano ya kushirikiana, au kuchanjwa kwa wembe wa watu wengi. Nilikuwa nimeshafungua vifungo vya shati namwonyesha chale zangu kwa maringo, ndipo nikaelewa kwa nini anauliza.

Anasema hicho ni kipimo cha kwanza tu. Kipo cha pili. Nimemwambia nitarudi.

Kijijini sijasema. Lugembe aliniuliza wamesemaje, nikajibu kwamba wameisifu sana. Sasa ametangaza mpaka kanisani. Kikombe changu nimekitenga, sahani nimeitenga, watu siwapi mkono, nasema nina gundi ya tumbaku. Nalala kwenye bani. Veneranda anaamini nimeweka mwanamke humo, jana alikuja ghafla na tochi akanikuta nimekumbatia gunia.

Naogopa, binamu. Neno hilo naliandika hapa kwa sababu karatasi haina sauti ya nje.

Raymundi

*

Ujiji, 21 Mei 2023

Raymundi wa mjomba,

Sisi hatujambo, ila barua yako niliisoma nimesimama, na Emilian akauliza nani amekufa. Nilimjibu ni nguruwe wako. Kwa hiyo ukija huku ujue una msiba wa nguruwe.

Nimemuuliza Theodora. Sikutaja jina, nilisema kuna mtu ninayemfahamu. Mtoto aliweka kijiko chini akanitazama mimi, akanitazama mpaka nikakasirika, nikamwambia nimesema mtu, sikusema mama yako! Ndipo akaeleza, na mimi nakueleza kama alivyosema.

Kwanza toka kwenye hilo bani. Ugonjwa huu hauambukizwi kwa kikombe, wala sahani, wala kupeana mkono, wala kukumbatiana. Unapita kwenye damu. Wembe, sindano, mswaki wenye damu ya fizi, hivyo ndivyo vya kutoshirikiana. Kwa mume na mke kupata kwa njia ya kitandani ni nadra, lakini Veneranda apimwe ili nyote mtulie. Mwambie mkeo ukweli. Mwanamke anayeamka na tochi ameshateseka ya kutosha.

Pili, kile kipimo cha kwanza kinaonyesha tu kwamba virusi viliwahi kuingia mwilini. Wapo watu ambao mwili wenyewe huvifukuza. Cha pili ndicho kinachosema kama bado vimo. Kwa hiyo hata kuogopa umeanza mapema mno, hujafika zamu yako.

Tatu, na hili Theodora alilirudia: unatibika na kwisha. Si dawa za maisha. Ni vidonge vya miezi miwili au mitatu, na karibu kila anayevimaliza anapona. Chanjo ndiyo hakuna, chanjo iliyopo ni ya aina ya B.

Nenda kwenye kipimo cha pili. Nitakuombea, ila Mungu hatakutolea damu.

Levina

*

Goweko, 20 Agosti 2023

Levina,

Mwangaluka. Najua, najua, ni miezi. Soko la tumbaku lilichelewa, halafu kikaja kipaimara cha mtoto wa jirani Revocatus, halafu baiskeli ikapata pancha. Nikizisoma hizi sababu mwenyewe sizinunui, lakini ndizo nilizonazo.

Veneranda nimemwambia. Alicheka, kisha akalia, kisha akanipiga na kanga. Alisema afadhali virusi kuliko mwanamke wa bani. Amepimwa, hana kitu. Nimerudi kitandani, ninakunywa kwenye kikombe chochote.

Kipimo cha pili bado. Usikunje uso. Nimepata mtu wa Puge mwenye mizizi ya kusafisha ini. Ni michungu, naichanganya na togwa, na jioni nakunywa pombe kidogo ya kuondoa uchungu. Najisikia nina nguvu. Isipokuwa kichefuchefu. Na uchovu. Na macho, Veneranda anasema yamekuwa ya njano kidogo, ila yeye hupenda kutia chumvi.

Ukweli ni kwamba nikienda mjini watu watauliza naenda kufanya nini. Lugembe amewaambia wachezaji wote kwamba damu ya manju wao imesifiwa hospitali kubwa. Nitawaambiaje kwamba ilitupwa? Mtu anayechezea nyoka mbele ya umati anaishi kwa kuaminiwa. Nikiwaambia dawa ya Mzee Luhende ndiyo iliyonipa ugonjwa, nitabaki na nini? Nitabaki mkulima wa tumbaku mwenye kofia ya manyoya.

Halafu nina swali. Ulikuwa kwenye mstari uleule. Wewe umepima?

Raymundi

*

Ujiji, 10 Septemba 2023

Raymundi,

Wote wazima, salamu zimeisha. Mwaga hiyo mizizi leo! Nilipomsomea Theodora hapo penye mizizi tu, alisimama akashika kichwa. Ini lako ni mgonjwa tayari, wewe unamletea sumu achanganye na pombe. Ini ndilo linalochuja kila unachomeza, na mingine katika hiyo mizizi inaliua haraka kuliko virusi vyenyewe. Na macho ya njano si chumvi ya Veneranda. Ni ini linalolia.

Unaogopa wachezaji wako watakuona mwoga. Binamu, wakongwe wao walikuwa kwenye mstari siku ulipomwita mama yako. Wanajua wewe ni mwoga tangu themanini na nne, na bado wamekuchagua manju. Cheo chako hakikutegemea ushujaa hata siku moja, kilitegemea kwamba unachekesha.

Panda treni Jumatatu. Ukifika Tabora chukua bajaji, sema hospitali, usishuke kilabuni. Wakikuta virusi bado vimo, anza vidonge. Ukianza, usiruke hata siku.

Kuhusu lile swali lako, msimu huu nina sare za shule nyingi na cherehani inakata uzi. Nikitulia nitakujibu.

Levina

*

Goweko, 28 Januari 2024

Levina, mtoto wa shangazi,

Heri ya mwaka mpya uliozeeka. Mvua ni nzuri, tumbaku imesimama, Veneranda amenenepa, mimi nimekonda kwa kukosa pombe.

Nilikwenda ile Jumatatu. Mizizi nilimwaga nyuma ya choo, na magugu ya pale bado yanastawi, sijui yanawezaje. Sampuli ilisafirishwa mbali, majibu yakachukua wiki kadhaa, nami nikazichukua zote bila usingizi. Virusi vilikuwemo. Wakanipima na aina ya B, wakalitazama ini kwa mashine, daktari akasema limechoka lakini bado ni ini. Nikapewa vidonge, kimoja kwa siku, wiki kumi na mbili. Nilitegemea mateso. Nilipata kichwa kuuma siku chache, basi. Nilikasirika kidogo. Mtu unajiandaa kufa, unapewa kidonge kidogo kama cha malaria.

Nimemaliza. Aprili wanapima tena kuona kama vimekwisha kabisa. Na wamenionya kwamba kupona hakuleti kinga, nikichanjwa tena na wembe wa mtu naanza upya. Vijana wangu wa ngoma, tangu zile kampeni za UKIMWI, kila mmoja huja na wembe wake mpya kwenye karatasi. Miaka yote nimekuwa nikiwacheka kwamba ni waoga.

Sasa tuzungumze. Nimekuuliza mwezi wa nane, nikakuuliza kwa Kasimiri mwezi wa kumi, nikakuuliza kwenye kadi ya Krismasi. Kila nikiuliza, cherehani yako inaharibika. Hakuna cherehani mbovu namna hiyo Tanzania nzima.

Nadhani najua. Wembe ulitoka kwako ukaja kwangu. Umelikumbuka hilo, na mimi nimelikumbuka. Lakini mbele yako mstari ulikuwa mrefu, na hakuna daktari anayeweza kusema virusi vilianzia kwa nani. Hata kama vilitoka kwako, nani alikusukuma? Ningesimama kwenye nafasi yangu kama mwanaume, leo wewe ndiye ungekuwa unaniuliza na mimi ndiye ningekuwa na cherehani.

Nakupenda, binamu. Nenda kapime. Sitakuandikia utani mwingine mpaka uniambie umekwenda, na unajua bila utani mimi sina cha kuandika.

Raymundi

*

Ujiji, 24 Machi 2024

Raymundi,

Leo ni Jumapili ya Matawi. Emilian yuko barazani na tawi lake, anabishana na redio. Sote tunapumua.

Nimekwenda. Barua yako niliiweka chini ya mashine siku nyingi, kila nikishona inanisikiliza. Jioni moja nikamwambia Theodora, yule mtu ninayemfahamu anataka kupima. Akanishika mkono akasema, "Mama, nimekusubiri mwaka mzima." Mwaka mzima, Raymundi! Na mimi nilidhani nimemficha. Nimekaa nakufundisha kwa kalamu usishirikiane wembe, usinywe mizizi, wahi kipimo, na mwalimu mwenyewe ametoroka shule.

Vimo. Kipimo cha kwanza kimeonyesha, cha pili kimesema bado vimo. Ini langu limeanza kupata makovu, si mabaya sana, lakini daktari aliniambia bila kuzunguka kwamba ningechelewa miaka mingine michache tungekuwa na mazungumzo tofauti.

Nitakuambia nilichokuwa nakificha, ingawa umeshakisema. Sikuogopa kuumwa. Niliogopa nipime, nijue ni mimi niliyekupa, halafu nikiandika "binamu" mkono ukatae. Nilikuwa na wewe mmoja tu wa kutaniana naye hapa duniani. Niliona bora nife na utani wangu.

Vidonge naanza Jumatatu ya Pasaka. Theodora ana zamu za ajabu, na Emilian hakumbuki hata kama amekula. Naogopa nitasahau, mimi niliyezoea kukumbusha wengine.

Nitanie sasa, tafadhali.

Levina

*

Goweko, 21 Aprili 2024

Levina wa shangazi, mtoro wa shule,

Tumsifu Yesu Kristo. Majibu yangu yametoka wiki hii: hawakuona kirusi hata kimoja. Muuguzi ni yuleyule, na kofia safari hii niliiacha nyumbani, ndipo akaniuliza iko wapi, alitaka picha.

Ingawa tangu Pasaka kila jioni nakupigia simu kukukumbusha kidonge, yapo ambayo hukuyasikia, kwa sababu wewe ukishasema "nimemeza" unakata haraka, unaona haya. Ngoja nikuandikie.

Ile Jumatatu ya Pasaka nilisimama katikati ya uwanja ambako mtandao unapatikana. Wachezaji wote wa zamani walikuwepo, tunakula sikukuu. Nilitaka kwenda mbali na watu, lakini mbali na watu hakuna mtandao. Nikapiga. Nikauliza, "Umemeza?" Na simu yangu, unaijua, ikajibu kwa sauti ya kuamsha Nzega, "Nimemeza, binamu, cha kwanza!"

Lugembe akauliza, "Amemeza nini?"

Nilikuwa na uongo mzuri tayari. Nilikuwa nao mdomoni, Levina, ulihusu minyoo. Lakini nilifikiria wewe umekaa huko peke yako na glasi ya maji, ukaonekana mdogo kama siku ile kwenye mstari. Sikuweza kujificha nyuma yako mara ya pili. Nikawaambia yote. Damu iliyotupwa, kofia chini ya meza, bani, mizizi, vidonge. Nilidhani wataondoka na chakula chao.

Hawakuondoka. Benjamini alicheka mpaka akamwaga supu, hasa pale penye gunia. Halafu kicheko kikaisha. Lugembe akafungua kifungo cha juu cha shati, taratibu, akatazama chale zake kana kwamba ndiyo kwanza anaziona. "Mimi nilikuwa nyuma yako," akasema. Wa nyuma yake naye akafungua. Wanaume wazima walikaa wamefungua mashati, wake zao wanawaangalia, na Veneranda akawa anagawa chai kwa wote, vikombe vimechanganyika.

Jumatano tunapanda treni kwenda Tabora, kundi zima la Mzee Luhende, kupima. Nimempigia yule muuguzi kumtaarifu. Amefurahi sana, ila ameomba nyoka asije.

Na jioni, nikikupigia, siko peke yangu uwanjani tena. Huanza kufika jua likiwa bado juu, kila mtu na kiti chake. Jana uliposema "nimemeza" ukakata, walipiga makofi, wewe hukusikia. Kwa hiyo ukishaipata hii usikate haraka, binamu. Ngoja kidogo kwenye simu. Tuko wengi.

Raymundi